Kilimanjaro, Mlima Uliosingiziwa Mengi

Tembo wa Amboseli wamepigwa picha mara nyingi mno huku nyuma yao kikionekana kilele cheupe cha Kibo. Picha hizo hupigwa Kenya, katika Kaunti ya Kajiado, na zimezunguka dunia kwenye kalenda, mabango na matangazo ya safari. Si ajabu basi kwamba watu wengi huamini Kilimanjaro uko Kenya. Ukweli ni kwamba vilele vyake vyote vitatu, Shira, Kibo na Mawenzi, viko Tanzania, na Uhuru, ncha ya juu kabisa yenye mita 5,895, iko huko huko.

Kosa hilo ni dogo na husahihishwa kwa kufungua ramani. Yapo mengine makubwa zaidi, tena mengine yalitoka vinywani mwa wasomi.

Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, kwenda Uchagani, nchi ya Wachagga kwenye miteremko ya mlima. Alifuatana na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara, pamoja na wapagazi wachache. Tarehe 11 Mei, wakiwa bado njiani, aliona weupe umekaa juu ya mlima. Akamuuliza mmoja wa viongozi wa safari ni nini kile. Akajibiwa kuwa ni baridi tu. Kule pwani zilikuwapo simulizi za fedha iliyojaa kileleni na za majini wanaoilinda, lakini wenyeji wa mlima walikuwa na maelezo yaliyo wazi zaidi: kitu kile cheupe kikiteremshwa chini hugeuka maji. Kwa Rebmann, aliyezaliwa Ujerumani ya kusini na kukua akiiona theluji kila mwaka, hapakubaki shaka.

Habari zake zilichapishwa London mwaka 1849, zikapokelewa kwa dharau. Aliyezipinga kwa ukali kuliko wote ni William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekusanya elimu yake ya Afrika kutoka vitabuni na kwa kuwahoji wasafiri. Katika kitabu alichotoa mwaka 1852 aliikataa kabisa theluji ya Rebmann, akiiona kuwa ni dhana tupu ya mtu aliyedanganywa na macho yake. Wala ubishi huo haukuwa na msingi wa kisayansi. Theluji ya Chimborazo, mlima ulio karibu na Ikweta huko Amerika ya Kusini, ilikuwa inajulikana Ulaya tangu zamani. Kama theluji iliwezekana kule, kwa nini isiwezekane Uchagani? Kilichokosekana ni utayari wa kumwamini shahidi.

Ubishi ulidumu zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, wakapita mita 4,000, na usiku theluji ikawaangukia. Cooley hakukubali hata hapo.

Haki inadai kusema pia kwamba Rebmann naye hakuwa salama na makosa. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt waliwahoji wafanyabiashara wa misafara waliotoka bara kwa njia mbalimbali. Waliotoka Kilwa walisema wamefika kwenye maji makubwa. Waliopita Unyamwezi walisema hivyo hivyo, na wa njia za kaskazini vilevile. Wamisionari wakayaunganisha maji yote hayo, na ramani yao iliyotangazwa mwaka 1856 ikaonyesha ziwa moja la kutisha, limelala katikati ya Afrika Mashariki. Wasafiri walikuwa wamesema kweli, kila mmoja kuhusu ziwa lake. Waliokosea ni waandishi waliodhani watu wote wanazungumzia ziwa lilelile. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ziwa Tanganyika Februari 1858, Speke akaliona ziwa la kaskazini, alilolipa jina la Victoria, miezi michache baadaye, na David Livingstone akafika Nyasa mwaka 1859. Ziwa moja la ramani likawa matatu.

Lakini hakuna kosa lililoishi muda mrefu kama hadithi ya zawadi. Husimuliwa madarasani, kwenye magari ya watalii na hata na watu wenye elimu nzuri: eti Malkia Victoria wa Uingereza, akiwa na milima miwili yenye theluji, alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, mmoja kwa siku yake ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale Kilimanjaro.

Tarehe zenyewe zinaikataa. Mpaka ulikubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1886. Wakati huo Wilhelm, mjukuu wa Victoria, hakuwa Kaisari bali mwanamfalme tu, maana babu yake upande wa baba ndiye aliyekuwa akitawala. Yeye alishika kiti Juni 1888.

Kupinda nako kuna sababu yake, nayo imeandikwa. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa miezi kadhaa Kilimanjaro na kupata hati za makubaliano kutoka kwa wazee wa Taveta. Mwaka 1885 Sultani Barghash wa Zanzibar, akihofia kunyang'anywa bara, alimtuma Jenerali Lloyd Mathews na askari kuchukua viapo vya utii kutoka kwa watawala wa Kichagga. Mara baada yake akafika Karl Jühlke, wakala wa kampuni ya Mjerumani Carl Peters, akapata hati ya Mangi (yaani mtawala) Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Rindi alikuwa na hesabu zake. Alikuwa na wapinzani mlimani, hasa Mangi Sina wa Kibosho, na kila mgeni mwenye bunduki alikuwa mshirika anayeweza kumfaa.

Mwaka uliofuata wanadiplomasia walichora mstari kutoka mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, hadi Ziwa Jipe, kisha ukapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachagga, ukazunguka upande wa kaskazini wa mlima, na kutoka hapo ukaenda moja kwa moja hadi Ziwa Victoria kwenye digrii 1 kusini. Taveta ikabaki kwa Waingereza, Uchagani kukaenda kwa Wajerumani. Kama mstari ungenyooka kutoka pwani hadi ziwani, ungepita kusini ya Kibo, na Kilimanjaro leo ungekuwa Kenya. Umepinda kwa sababu ya karatasi za Johnston na Jühlke.

Ndiyo maana hadithi ya zawadi inaudhi. Inamwondoa Rindi, inamwondoa Barghash, inawaondoa wazee wa Taveta, na kuibakiza familia moja ya kifalme ya Ulaya ikigawana mlima kwa upendo. Lililotokea hasa lilikuwa mbio za kunyang'anyana ardhi zilizoishia kwa damu: mwaka 1891 Wajerumani walimshambulia Sina Kibosho, na Machi 1900 walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, huko Moshi.

Hata kilele kiliwahi kubandikwa jina la ukoo huo. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika juu tarehe 6 Oktoba 1889, Meyer alikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm. Jina hilo lilidumu hadi Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge pale juu, na kilele kikaitwa Uhuru.

Mwalimu anayefundisha ukoloni, na kiongozi wa watalii anayesimama Taveta au Marangu, waache kuisimulia zawadi ya Malkia. Wachukue ramani, wafuate mstari kutoka Vanga hadi Ziwa Jipe, na wawataje Rindi na Barghash kwa majina yao.