Alibhai Mulla Jeevanjee: Mfanyabiashara, Mjumbe wa Baraza, na Bustani Aliyotuachia

Kama unaishi au umewahi kufanya kazi Nairobi, huenda umepumzika katika Bustani ya Jeevanjee saa saba mchana, ukila njugu huku wahubiri wakishindana kwa sauti. Wengi wetu tunalijua jina hilo kama jina la mahali tu. Lakini Jeevanjee alikuwa mtu. Alikuwa mfanyabiashara, na ndiye mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la nchi hii. Kwa sisi tunaotoa na kuchangisha kila mwaka, maisha yake yanafaa kusomwa kama hesabu: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika jamii ya Bohra. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amehangaika na biashara India, kisha Australia. Mwaka 1890 alifungua tawi la kampuni yake Mombasa, akaihudumia Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza, alipewa kandarasi ya kuleta wafanyakazi kutoka India, na baadaye za chakula, mawe na majengo. Kwa jumla, wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kwa ajili ya reli hiyo, na wapatao 2,500 walifia kazini. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Faida ya Jeevanjee ilitoka humo, na hatuna budi kuliandika hilo katika hesabu.

Fedha hizo hakuzifungia sandukuni. Mombasa alianzisha gazeti la African Standard. Baadaye aliliuza kwa Wazungu, likawa East African Standard, na leo twalijua kama The Standard. Nairobi alijenga soko la mji na nyumba nyingi. Mwaka 1906 aliwapa wakazi wa mji ule mchanga bustani iliyopambwa kwa sanamu ya Malkia Victoria.

Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907. Wajumbe walikuwa maofisa wa serikali na walowezi, na miongoni mwa wateule wa kwanza alikuwamo Lord Delamere. Mwaka 1908 serikali ya London ilikubali kwamba Wahindi wasigawiwe ardhi katika Nyanda za Juu, kwa kisingizio cha urahisi wa utawala. Mwaka uliofuata, 1909, Jeevanjee aliteuliwa kuingia Barazani. Elewa vizuri neno hilo: aliteuliwa na watawala, hakuchaguliwa na watu. Alikuwa Mhindi peke yake mezani, na sauti moja haikuweza kuzuia sheria hata moja.

Hakukaa sana katika kiti hicho. Alitambua kwamba kuitwa mezani si sawa na kusikilizwa. Mwaka 1910 alikwenda London na kuyatoa malalamiko yake magazetini. Mwaka 1912 alichapisha Bombay kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1914 viongozi wa Kihindi walipounda chama chao cha Congress cha Afrika Mashariki, yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza.

Tusimpambe kupita kiasi. Haki alizodai zilikuwa za watu wake. Aliwahi hata kupendekeza nchi hii iunganishwe na Milki ya India, bila kuwauliza wenye nchi. Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza lile, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944, miaka 35 baada ya Jeevanjee. Hata hivyo, mlango uliokuwa umefungwa kwa kila asiye Mzungu, yeye ndiye wa kwanza kuupita na kusema waziwazi ndani yake mna nini.

Alipofariki mwaka 1936, sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa imemponyoka. Kampuni ilikuwa imefifia, gazeti lilikuwa mikononi mwa wengine, na kiti cha Baraza alikuwa amekiacha zamani. Kilichobaki kwa jina lake ni kile alichokitoa.

Hata hicho kilikuwa karibu kupotea. Mwaka 1991 palizuka mpango wa kujenga maegesho ya magari na maduka katika bustani ile. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama kuupinga. Wangari Maathai na wakazi wengi wa Nairobi waliungana naye, na mpango ukaachwa. Baadaye Zarina Patel aliandika kitabu juu ya maisha ya babu yake, kikatoka mwaka 1997. Bila watu wanaojua nani alitoa nini, lini na kwa ajili ya nani, leo tungekuwa tunalipia kuegesha magari pale tunapopumzika.

Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo nitamaliza kama mhasibu. Mali ya mtu binafsi hupanda na kushuka, na cheo kina mwisho. Mali ya umma hudumu kwa mambo mawili: maandishi na walinzi. Tunapotoa mchango wetu, tudai risiti. Tunapopewa kiwanja, tupimiwe, na hatimiliki iandikwe kwa jina la wadhamini wa wote, si la mwenyekiti wala la mfadhili. Kisha tuwasimulie watoto wetu kila kitu kilitoka wapi. Siku atakapokuja mtu na mchoro wa maegesho, hao ndio watakaosimama.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba nacho kinahitaji mlinzi.