Mchungaji Alimwona Nyumbu Kwanza

Katika bonde la Yaeda Chini, kule Mbulu, Mhadzabe humtazama mnyama ili ampate, na Mdatoga humtazama ili asimpoteze. Mimi naona historia ya tiba ya mifugo nchini kwetu inaanzia kwenye macho hayo, miaka mingi kabla ya sindano.

Ng'ombe hasemi, tena huficha maumivu. Kwenye nchi ya fisi, anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa. Basi daktari anapofika na kipimajoto chake, mchungaji ameshaona: huyu leo kabaki nyuma ya kundi, masikio yamelegea, hacheui.

Mfano ninaoupenda uko kaskazini, ng'ambo ya Ziwa Eyasi, kwenye nyanda za Ngorongoro na Serengeti. Kati ya Januari na Machi nyumbu huzaa huko kwa maelfu. Wamaasai waligundua zamani kwamba ng'ombe wakichanganyika nao msimu huo hushikwa na homa, macho yakafanya ukungu, na karibu kila anayeugua hufa. Nyumbu mwenyewe, mzima kabisa! Wakauita ugonjwa huo kwa jina la nyumbu, wakawa wanahamisha mifugo kupisha uzazi.

Mwaka 1960, Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, wakatangaza kwamba wamepata kirusi cha ugonjwa huo kwa nyumbu. Maabara ikakubaliana na boma, ila si kwa yote. Wachungaji walilaumu kondo la nyuma. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba hatari kubwa imo katika kamasi na machozi ya ndama wa nyumbu katika miezi yao ya mwanzo. Msimu waliupatia, mnyama walimpatia, njia ya maambukizi ndiyo iliyohitaji darubini. Na darubini nayo ilihitaji mtu wa kuionyesha pa kutazama.

Lakini kupisha nyumbu kuna gharama. Majani matamu yako uwandani wakati huohuo, na mchungaji anayaacha, anapanda na kundi kwenye malisho hafifu huku maziwa ya watoto yakipungua. Tena kuhama kunataka pa kuhamia. Mashamba na mipaka vikibana, maarifa hubaki mdomoni tu, na ng'ombe hufa mbele ya mtu anayejua kwa nini.

Ndiyo maana nikisoma kwamba mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja, naihesabu pia kuwa habari ya wanyama. Anayemjua mnyama lazima awe na nchi ya kumfuata, na ya kumkwepa.