Risasi Kabla ya Bunduki: Mpumudde, Kabalega na Ugavi wa Silaha katika Uganda ya Mwisho wa Karne ya 19

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tatizo la kutolingana kwa bunduki na risasi katika vita vya Bunyoro dhidi ya Waingereza na washirika wao, hususan kati ya mwaka 1890 na 1899. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa Omukama Kabalega ulipungua kwa sababu ya ugumu wa kupata risasi za aina iliyofaa kwa kila bunduki, zaidi ya uchache wa bunduki zenyewe. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha umuhimu wa historia hiyo katika udhibiti wa silaha ndogo katika ukanda wetu leo.

1. Utangulizi

Mpumudde ni kilima kilichopo Jinja, mashariki mwa Uganda. Hapo ndipo alipofariki Omukama Chwa II Kabalega wa Bunyoro-Kitara mwezi Aprili 1923, akiwa njiani kurejea kwao baada ya miaka mingi ya uhamisho katika visiwa vya Shelisheli. Jina la kilima hicho lina maana ya "nimepumzika", na kitenzi chake kina nasaba moja na pumzika ya Kiswahili. Masimulizi ya wenyeji yanalihusisha jina hilo na maneno ya mwisho ya mfalme huyo. Eneo la Mbale nalo lina Mpumudde yake, na historia ya Mbale haitengani na Semei Kakungulu, jemadari wa Baganda aliyeshiriki katika kumwinda Kabalega.

Maelezo ya kawaida kuhusu kushindwa kwa Kabalega hutaja bunduki ya rashasha ya Maxim, kana kwamba jina hilo pekee linatosha kufafanua kila jambo. Maelezo hayo si ya uongo, ila yana upungufu. Bunduki ni nusu ya silaha. Nusu ya pili ni risasi. Mwanahistoria anayehesabu mitutu bila kuuliza kila mtutu ulilishwa nini huhesabu fimbo pamoja na silaha.

2. Aina za bunduki na mahitaji yake

Mwishoni mwa karne ya 19 aina nne za bunduki zilikutana katika eneo la Maziwa Makuu. Ya kwanza ni gobori, iliyojazwa kwa mdomo wa mtutu. Ilikuwa dhaifu na ya polepole, lakini haikuchagua chakula: baruti ya kawaida na marisau, au hata vipande vya chuma, viliitosha. Ya pili ni Snider ya Kiingereza, yenye mtutu wa kipenyo cha karibu milimita 14.7. Samuel Baker aliwapa Snider askari wake teule alipojaribu kuitwaa Bunyoro kwa niaba ya Khedive wa Misri mwaka 1872. Ya tatu ni Remington, bunduki ya jeshi la Misri iliyoenea katika ngome za Ikwatoria chini ya Emin Pasha. Ya nne ni Martini-Henry.

Remington ya Misri na Martini-Henry zilikaribiana kwa kipenyo, zote zikiwa na takriban milimita 11. Mtu asiyezijua angeweza kudhani kwamba risasi zake hubadilishana. Hazikubadilishana. Ganda la Martini-Henry lilikuwa refu zaidi na lenye umbo jingine, hivyo halikuingia katika chemba ya Remington. Mwenye Remington aliyeteka sanduku la risasi za Martini-Henry alikuwa ameteka shaba, risasi na baruti, lakini hakuwa amepata cha kufyatua.

Hata risasi ya aina sahihi haikuwa na dhamana. Maganda ya awali ya Martini-Henry yalitengenezwa kwa bati jembamba la shaba lililoviringishwa. Baruti nyeusi iliacha masizi ndani ya chemba. Chuma kilipopata joto, ganda lilitanuka na kung'ang'ania, na kitako chake kikachanika wakati wa kulitoa. Katika vita vya Abu Klea nchini Sudan, Januari 1885, bunduki za Waingereza zilikwama mbele ya adui, na jambo hilo likazua malalamiko makubwa Uingereza. Baadaye jeshi lilihamia kwenye ganda la shaba nzima.

Maxim ilitegemea risasi kuliko zote. Nguvu ya msukumo wa risasi moja ndiyo iliyotoa ganda tupu na kuingiza risasi iliyofuata. Risasi yenye baruti hafifu au iliyopata unyevu ilisimamisha mzunguko wote. Aidha, Maxim aliyokuwa nayo Frederick Lugard alipofika Buganda mwaka 1890 ilikwisha kuvuka Afrika pamoja na Henry Morton Stanley, nayo ilikuwa imechakaa. Uwezo wake halisi, kwa hiyo, usichanganywe na sifa zake.

3. Njia za risasi na kufungwa kwake

Stanley alipotumwa mwaka 1887 kumwokoa Emin Pasha, mizigo yake ilijumuisha risasi 100,000 za Remington. Takwimu hiyo inaeleza hali ya Ikwatoria kuliko barua nyingi. Baada ya uasi wa Mahdi kuifunga njia ya Nile, askari wa Emin hawakukosa bunduki. Walikosa cha kuzilisha. Ndiyo maana mabaki yao, waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891, walikuwa askari wenye uzoefu waliohitaji mwajiri mwenye ghala.

Kabalega naye alipata silaha kwa kubadilishana na pembe za ndovu, hasa kupitia Karagwe, kwenye njia za misafara kutoka pwani. Njia hiyo ilianza kubanwa na Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, uliopiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa pamoja na risasi zake kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Mkataba uliruhusu, chini ya masharti, gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliachiwa bunduki ya jana, huku serikali za kikoloni zikibaki na ya leo. Januari 1895 mfanyabiashara Charles Stokes alinyongwa Kongo kwa amri ya Kapteni Lothaire kwa tuhuma za kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo. Tukio hilo lilizua mgogoro wa kidiplomasia Ulaya. Kwa wafanyabiashara wa njia hiyo lilikuwa onyo.

4. Athari kwa vita vya Bunyoro

Kampeni ya Henry Colvile ilianza Desemba 1893. Kabalega aliepuka mapambano ya uwanjani, akatumia mashambulizi ya kushtukiza na kurudi nyuma, hatimaye akavuka Nile hadi Lango. Mbinu hiyo imesifiwa kwa haki kama ushujaa, lakini ilikuwa pia uchumi wa risasi. Jeshi lenye bunduki za aina nyingi na akiba isiyojazwa tena haliwezi kufyatua siku nzima. Hufyatua mara chache, kwa karibu, kisha huondoka. Tarehe 9 Aprili 1899 Kabalega alikamatwa pamoja na Kabaka Mwanga, akiwa amejeruhiwa mkononi. Alikuwa amepigana zaidi ya miaka mitano.

5. Hitimisho

Tatizo hili halikuzikwa na Kabalega. Bunduki mbili zilizoenea sana katika ukanda wetu, AK-47 na G3, zote hutajwa kuwa za milimita 7.62, lakini ganda la moja lina urefu wa milimita 39 na la nyingine milimita 51. Kama ilivyokuwa kwa Remington na Martini-Henry, namba inayofanana huficha tofauti inayoamua. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 na kituo cha RECSA vimeupa ukanda msingi wa kudhibiti silaha ndogo, na kazi ya kutia alama bunduki inafahamika. Hata hivyo, bunduki hudumu vizazi viwili au vitatu, ilhali risasi huisha kila inapotumika na lazima itoke mahali fulani. Sera inayohesabu bunduki zilizosalimishwa bila kufuatilia risasi, aina zake na ghala zilikotoka, inafunga dirisha huku mlango ukiwa wazi.

Waandishi wa Mkataba wa Brussels walilijua jambo hili, wakalitumia kwa manufaa yao. Sisi tunaweza kulitumia kwa usalama wa watu wetu. Pengine hilo ndilo funzo ambalo Mpumudde, kilima cha mapumziko, bado hakijapumzika kulifundisha.