Neno Moja la Ndagara: Upendeleo wa Baba na Ugomvi wa Wana Ng'ambo ya Kagera

Mtu akisimama Kikagate, ukingoni mwa Mto Kagera, anaiona Murongo ya Tanzania kwa macho yake mwenyewe. Hapo Runyankore na Kinyambo husikilizana bila mkalimani, lakini bei ikianza kubishaniwa na mtu wa mbali, Kiswahili ndicho kinachoitwa. Ndiyo maana sisi walimu hupenda kuwaleta wanafunzi wetu kutoka Mbarara waje wasikie lugha ikisemwa bila kitabu. Katika ziara moja ya namna hiyo mwanafunzi aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye Kiswahili chake ni cha Kongo na kinatushinda wengi wetu kwa kasi, alituuliza swali: lugha hii ilifika lini mtoni hapa? Tulianza kumjibu habari za askari wa kikoloni, kisha tukajikuta tunajisahihisha. Jibu la kweli liko ng'ambo, katika ufalme wa Karagwe, na limefungamana na mzee mmoja mfalme aliyeshindwa kuuchunga ulimi wake mbele ya mke wake.

Mzee huyo ni Ndagara, Omukama wa Karagwe, wa ukoo wa Abahinda. Ukoo huo ndio uliotawala pia Nkore, yaani huku kwetu Mbarara, na falme zote mbili hutaja asili moja, Ruhinda. Kwa hiyo msomaji wa Ankole asidhani tunamsimulia habari za wageni. Ndagara alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1850 au karibu na hapo, akaacha wana watatu wanaotajwa katika kisa hiki, kila mmoja kwa mama yake: Rumanyika, Nnanaji na mdogo wao aliyeandikwa kwa jina la Rogero.

Habari zao tunazipata zaidi kwa Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Karagwe pamoja na mwenzake Grant mwezi wa Novemba 1861, akachapisha kitabu cha safari yake mwaka 1863. Kwa maelezo aliyopewa, Ndagara katika uzee wake alimwambia mama yake Rogero, bila kukusudia jambo, kwamba kijana huyu angefaa sana kuwa mfalme. Neno lenyewe lilikuwa hilo tu. Hakuita wazee, hakugusa ngoma wala fimbo ya utawala. Lakini mama alilichukua neno akalilea pamoja na mtoto, akamfundisha kungojea kiti.

Hapa tunaomba kutua kidogo. Msimulizi anamlaumu mama kuliko baba, na wasomaji wengi hupita hapo bila kujiuliza. Sisi hatukubali. Baba wa kawaida akimsifu kitinda mimba wake mbele ya mama yake, hasara yake ni ndogo: wakubwa watanuna siku mbili. Neno la mfalme ni kitu kingine. Katika nyumba yenye wake wengi, ambamo kila mama anajua kwamba siku mume atakapokufa mwanawe atakuwa ama mtawala ama mkimbizi, sifa ya mfalme haiwezi kubaki sifa. Ni ahadi, hata kama aliyeitoa hakuihesabu hivyo. Ndagara alikaa katika nyumba hiyo miaka yote; alipaswa kuijua hesabu yake. Ulimi hauna mfupa, lakini mwenye ulimi anayo akili.

Aidha, sheria ya urithi yenyewe ilikuwa na mlango wazi. Speke aliambiwa kwamba kiti ni cha mwana mkubwa, ila hesabu inaanza kwa wana waliozaliwa baada ya baba kutawazwa. Mwanafunzi wa sheria ataona tatizo mara moja. Nani alizaliwa lini? Nani anakumbuka, na anakumbuka kwa faida ya nani? Sheria ya namna hii humtaka baba aseme waziwazi akiwa hai, tena mbele ya watu. Ndagara hakusema mbele ya watu, alisema chumbani.

Alipofariki, Nnanaji aliungana na Rumanyika, wakamfukuza Rogero. Jambo lingeweza kuishia hapo, lakini karibu nusu ya watu wa nchi, kwa hofu au kwa mapenzi, walimfuata mdogo. Akakusanya jeshi, akarudi kudai kiti. Yasemekana angeshinda. Kilichomzuia si ndugu zake bali mfanyabiashara, Musa Mzuri, Mhindi mwenye asili ya Surat aliyekuwa na makao Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Huyu alitoa pembe za ndovu alizokuwa nazo ili kuwakodi watumwa wa Waarabu waliokaa Kafuro, kituo cha biashara kisicho mbali na mji wa mfalme, Bweranyange, waje na bunduki zao. Simulizi jingine la wakati ule linasema pembe zilikwenda kwa Kabaka Suna wa Buganda ili atume askari. Kwa vyovyote vile, Rogero alikimbia, huku akiapa kwamba atarudi siku Waarabu watakapoondoka nchini. Wapiganapo tembo nyasi huumia, husema wahenga. Mara hii hata tembo wenyewe hawakusalimika.

Twendeni sasa kwenye salamu. Speke anaeleza kwamba Rumanyika alipowapokea aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Ni mwaka 1861, wapenzi wa lugha! Hapakuwa na shule, hapakuwa na askari wa Mwingereza wala wa Mjerumani, na mfalme aliyekaa mwendo mfupi tu kutoka Kikagate anamkaribisha mgeni kwa lugha ya pwani. Wapo Uganda wanaodai hadi leo kwamba Kiswahili kililetwa na kambi za jeshi. Hata Baraza la Mawaziri lilipokipitisha kuwa lugha rasmi mwezi wa Julai 2022, maneno hayo yalisikika tena. Mfalme wa Karagwe anawajibu vizuri.

Hata hivyo hatuna budi kuwa wakweli. Ukweli ni kwamba Rumanyika alikaa juu ya kiti kilichookolewa kwa pembe na bunduki za wafanyabiashara. Mtu mwenye deni la namna hiyo huijua lugha ya mdai wake. Hatusemi kwamba vita vya ndugu ndivyo vilivyomfundisha Kiswahili, maana misafara ilikuwapo kabla; tunasema kwamba vita hivyo viliifanya lugha ya misafara kuwa lugha ya usalama wake. Kwa hiyo bunduki ilikuwapo karibu na Kiswahili tangu hapo, ila haikuwa ile tunayoitaja kila siku.

Rumanyika mwenyewe alikuwa na maelezo tofauti ya ushindi wake. Alimweleza Speke kwamba baada ya kifo cha baba yao iliwekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa ikawa nzito kwa kila asiyestahili. Ndugu zake walihangaika nayo bure. Yeye aliinyanyua kwa kidole kidogo. Maelezo haya tunayapenda kwa sababu yanaonyesha kazi ya ngoma: inafuta neno la baba. Kama mizimu imechagua, basi sifa aliyoisema mzee chumbani haina uzito tena. Kidole kile hakikutaja pembe za Musa Mzuri hata moja.

Lakini ngoma haikumpa usingizi. Mfalme huyu, ambaye Speke alimsifu kwa upole na ukarimu kuliko watawala wengine aliokutana nao, alimwomba mgeni wake uganga wa kummaliza Rogero. Kisha akaeleza kwamba, akimkamata, asingependa hasa kumwua. Angemng'oa macho tu na kumwachia aende zake, kwa kuwa kipofu hawezi kudhuru mtu. Tuliposoma sehemu hiyo darasani palikuwa kimya. Huyo ndiye mtu mpole.

Mwaka huohuo wa 1861 kesi nyingine ya baba na wana ilikuwa inamalizwa mbali na hapa. Sayyid Said bin Sultan wa Zanzibar alikuwa ameandika barua kwa serikali ya Uingereza mwaka 1844 akimtaja Khalid arithi upande wa Afrika na Thuwaini upande wa Oman, huku Hilal, mkubwa wao, akiachwa nje. Hilal alifia Aden mwaka 1851, Khalid akafariki mwaka 1854, na Said mwenyewe akafa baharini mwaka 1856. Majid akatawala Zanzibar. Barghash akaasi mwaka 1859, akisaidiwa na dada yao Salme, ambaye alifanywa karani wa maasi kwa kuwa alijua kuandika. Mwisho Lord Canning, kutoka India, aliamua mwaka 1861 kwamba Zanzibar iilipe Muscat riali 40,000 kila mwaka. Said aliandika na Ndagara alinong'ona, lakini kote kuwili mgeni mwenye nguvu ndiye aliyekuja kuamua.

Kwetu Nkore mambo yalikuwa wazi zaidi, na makali vilevile. Hapa wana wa mfalme walipigana, na aliyebaki alitawala. Mutambuka alipofariki, Ntare wa Tano alikipata kiti kwa kumshinda ndugu yake Mukwenda. Mwanafunzi mmoja alisema afadhali huko, kwa kuwa baba hapewi nafasi ya kudanganya. Mwenziwe akamwuliza kama angesema hivyo akiwa Mukwenda.

Yapo mengine ya kuangaliwa na atakayetaka kuandika tasnifu. Yote tuliyosimulia yalitoka kwa upande ulioshinda. Speke aliyasikia katika nyumba ya Rumanyika, akila chakula chake, akihitaji ruhusa na msaada wake ili afike Buganda. Hata kauli ya Ndagara chumbani imetufikia kwa kinywa cha wale iliowaudhi. Huenda aliyosema yalikuwa mazito kuliko hayo. Huenda alimteua kweli, na neno "bila kukusudia" likaongezwa na wakubwa. Rogero hakuulizwa. Speke aliambiwa tu kwamba anakaa juu ya kilima kinachotazama Kitangule, jina alilolitumia kwa Kagera, mto huuhuu. Na mwanamke aliyelilea neno la mfalme, katika kurasa hizo anaitwa mama yake Rogero, basi.