Mfahamu George Raft: Mcheza densi aliyegeuka jambazi wa sinema

Waliokulia kwenye vibanda umiza vya Mpanda wanaijua sheria moja: stelingi hafi. Sasa kuna jamaa wa Hollywood aliyepata jina kwa kuigiza jambazi, tena anayeuawa ndani ya filamu. Anaitwa George Raft.

Alikotokea
Alizaliwa mwaka 1901 jijini New York, mtaa wa Hell's Kitchen, uswazi haswa. Jina lake halisi ni George Ranft. Mmoja wa marafiki zake wa utotoni ni Owney Madden, ambaye baadaye alikuwa bosi wa genge enzi Marekani ilipopiga marufuku pombe (1920–1933).

Miguu kwanza
Kabla ya kushika bastola za sinema, Raft alikula kwa jasho la miguu. Alicheza densi kwenye vilabu vya usiku na majukwaa ya Broadway. Sifa yake kubwa ilikuwa kasi kwenye Charleston, mtindo uliotamba miaka ya 1920.

Sarafu iliyomtoa
Mwaka 1932 akaingia kwenye Scarface ya Howard Hawks, akiwa Guino Rinaldo, mtu wa karibu wa bosi wa genge. Haongei sana. Anarusha sarafu juu na kuidaka, basi. Mwishoni bosi wake mwenyewe anampiga risasi. Watu hawakuisahau ile sarafu.

Densi hakuiacha: mwaka 1934 alicheza Bolero na Carole Lombard. Mwaka 1940 akawa dereva wa lori katika They Drive by Night. Humo, Humphrey Bogart, anayeigiza ndugu yake, anasinzia kwenye usukani na kupoteza mkono. Wanaosafirisha mpunga na mahindi kutoka Katavi usiku wataielewa hiyo bila mkalimani.

Kosa lililomgharimu
Raft alichoka kucheza watu wabaya, akaanza kuchagua kazi. Akakataa High Sierra, akakataa na The Maltese Falcon, zote za mwaka 1941. Zote mbili zikamwangukia Bogart, ambaye hadi hapo alikuwa mtu wa nyuma. Bogart akawa staa mkubwa, Raft akaanza kushuka.

Marafiki wale wale
Kwenye filamu alitaka kuukimbia ujambazi, lakini mtaani hakuwatupa washkaji. Mwaka 1944 alipanda kizimbani kumtetea Bugsy Siegel, mhalifu maarufu, kwenye kesi ya kamari. Baadaye alikuwa sura ya kasino ya hoteli ya Capri, Havana, mpaka mapinduzi ya Cuba yalipoharibu biashara. Mwaka 1965 akanaswa kwa kukwepa kodi, akapigwa faini. Akahamia kwenye kasino ya London, lakini mwaka 1967 Uingereza ikamfungia mlango asirudi, kwa sababu ya watu aliohusishwa nao.

Utani wa mwisho
Katika Some Like It Hot (1959) anaigiza bosi wa genge, Spats Colombo. Anamkuta kijana akirusha sarafu, anaidaka na kumuuliza ujinga huo kajifunza wapi. Ukumbi mzima ulijua jibu.

Raft alifariki Novemba 24, 1980, Los Angeles, kwa saratani ya damu. Ukitaka kumwona akiwa moto, anza na Scarface ya 1932. Usiichanganye na ile ya Al Pacino ya 1983.