Makaratasi ya Munganga Livingstone kutoka Nyangwe

Jina la Nyangwe, kule juu ya muto Lualaba upande wa Kasongo, mumelisikia katika habari za utumwa. Leo tulitazame kwa sababu nyingine: makaratasi yaliyoandikwa pale katika mwaka wa 1871, na kazi iliyofanyika ili yasipotee.

Munganga David Livingstone alikuwa mutu wa elimu. Alipima nchi kwa nyota, akaandika habari za mvua, za mito, za miti na za nyama. Alipokuwa Nyangwe, karatasi na wino vilikuwa vimemuishia. Basi akachukua gazeti la zamani la Uingereza, The Standard, akaandika juu ya maneno yaliyochapwa, mistari yake ikikata mistari ya gazeti. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mumea.

Tarehe 15 mwezi wa saba, siku ya soko, watu wa Dugumbe, mufanyabiashara, walipiga bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza. Wengi walizama katika Lualaba wakikimbia. Waarabu wenyewe walihesabu wafu 330 mpaka 400. Livingstone aliona kwa macho yake, akaandika.

Halafu alinakili habari zake katika buku kubwa. Buku lile likatiwa muhuri, na Stanley akalipeleka Bulaya mwaka wa 1872. Livingstone alikufa mwezi wa tano 1873 kwa mufalme Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Watumishi wake walifungua masanduku mbele ya wote, na Jacob Wainwright akaandika orodha ya vitu. Chuma, Susi na wenzao wakabeba maiti na vitu vyake mpaka Bagamoyo, kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu, mwezi wa pili 1874. Mwaka uleule Horace Waller akachapisha habari za safari zile.

Mutu angesema: Kitabu kimekwisha kuchapwa, karatasi kuukuu ni za nini? Lakini zililindwa Scotland. Wino ulififia, hata karibu hakuna aliyeweza kuzisoma. Katika 2010 na 2011 wachunguzi, wakiongozwa na Adrian Wisnicki, walizipiga picha chini ya mianga ya rangi nyingi, hata ile isiyoonekana kwa jicho. Ordinateri zikatenga wino na chapa ya gazeti. Hapo ikajulikana ya kwamba nakala haikulingana na andiko la kwanza: maneno mengine juu ya ukali wa watumishi wake mwenyewe Livingstone aliyapunguza alipoandika upya. Ushahidi ulio karibu zaidi na wafu wa Nyangwe ulikuwa katika karatasi zile mbovu.

Tupate fundisho. Kwanza, ukinakili daftari la ubatizo au la ndoa, usichome lile la zamani. Pili, maandiko ya marehemu, awe padri, katekista au munganga, yaache katika utaratibu alioyapanga mwenyewe, maana utaratibu nao unasema. Tatu, fanya orodha kama Jacob Wainwright, kisha uyaweke pakavu, mbali na muchwa na jua.

Watumishi wale hawakuwa na arshivu wala nyumba. Walikuwa na masanduku, orodha na uaminifu. Sisi wenye kabati na ufunguo tutajibu nini?