Kipimo na Mahali: Historia ya Viashiria vya Magonjwa Sugu ya Ini na Utumbo, Kuanzia Kinole

Kinole, kata iliyoko kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, inajulikana katika historia ya Waluguru kama makao ya Kingalu, jina la cheo kilichorithiwa kwa upande wa mama na ambacho heshima yake ilijengwa juu ya uwezo wa kuleta mvua. Miteremko hiyo inayoelekea Bahari ya Hindi hupata mvua nyingi kuliko ile ya magharibi, ndiyo maana imekuwa nchi ya migomba, mananasi, pilipili manga na karafuu, na vijito vyake huingia katika Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam. Magonjwa ya ini na utumbo ya watu wa milima hiyo, kama yale ya watu wa pwani na bara, yalitambuliwa kwa muda mrefu kwa yale yanayoonekana kwa macho na kupapaswa kwa mkono: macho kugeuka manjano, tumbo kujaa maji, bandama kuvimba hadi kuhisiwa chini ya mbavu, choo kuchanganyika na damu na kamasi, na mwili kukonda. Dalili hizo zilikuwa za kweli lakini zilichelewa, kwa kuwa ini linaloshambuliwa na ugonjwa sugu huweza kuharibika kwa miaka mingi bila mgonjwa kusikia maumivu, na tumbo linapoanza kujaa maji, mara nyingi sehemu kubwa ya ini imekwisha kugeuka kovu.

Haja ya kuutambua ugonjwa kabla ya hatua hiyo ndiyo iliyozaa viashiria vya kibiolojia, yaani vitu vinavyoweza kupimwa katika damu, mkojo au kinyesi na ambavyo kiasi chake hueleza hali ya kiungo kisichoonekana. Mwaka 1916 Mholanzi A. A. Hijmans van den Bergh na mwenzake walieleza njia ya kupima bilirubini, rangi ya manjano itokanayo na kuvunjwa kwa chembe nyekundu za damu, ambayo ini lenye afya huiondoa kupitia nyongo. Mwaka 1954 watafiti wa New York walionyesha kwamba kimeng'enya fulani, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini, humwagika ndani ya damu misuli ya moyo inapojeruhiwa, na mwaka uliofuata walithibitisha kuwa vimeng'enya vya aina hiyo hupanda pia pale seli za ini zinapokufa. Tangu hapo tone la damu liliweza kueleza jambo ambalo zamani lilisubiri macho yageuke manjano.

Katika Tanganyika, hata hivyo, maabara ilitangulia kushughulika na vimelea kabla ya kemia ya damu. Robert Koch alifanya utafiti wa malaria na tauni katika koloni la Wajerumani mwaka 1897 na 1898, na chombo kikuu cha tiba ya kikoloni kikawa darubini. Kwa magonjwa ya ini na utumbo, darubini ilikuwa na kazi kubwa zaidi kwenye kichocho cha tumbo, kinachosababishwa na mnyoo uitwao Schistosoma mansoni, ambao huishi katika mishipa inayopeleka damu kutoka utumboni hadi kwenye ini. Mayai yake mengine hupenya ukuta wa utumbo na kutoka na choo, huku yakiacha vidonda na kuhara damu, na mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ambako mwili huyazungushia kovu na kuizuia damu kupita, mpaka bandama ivimbe na mishipa ya umio ipasuke. Ugonjwa huo mmoja unaonyesha jinsi ini na utumbo vilivyofungamana, na unaonyesha pia uzito wa mazingira, kwa sababu konokono wanaobeba vimelea hivyo hustawi katika maji yaliyotulia au yaendayo polepole, kama mifereji ya umwagiliaji ya tambarare, kuliko katika vijito vya kasi vya mlimani. Yai lililoonekana kwenye choo lilithibitisha uambukizo, lakini halikueleza ini limeumia kiasi gani, na pengo hilo ndilo lililohitaji kiashiria cha namna nyingine.

Afrika Mashariki ilichangia sana katika kukitafuta. Kansa ya ini ilikuwa imewashughulisha madaktari wa Kampala kiasi kwamba mkutano wa kimataifa kuhusu ugonjwa huo ulifanyika katika mji huo mwaka 1956. Mwaka 1963 Garri Abelev wa Moscow aligundua kuwa panya wenye uvimbe wa ini hutoa protini ambayo kwa kawaida hupatikana katika kijusi, na mwaka 1964 Yuri Tatarinov aliikuta protini hiyo, alfafetoprotini, katika damu ya mgonjwa wa kansa ya ini. Wakati huohuo swali la chanzo cha kansa hiyo lilipata mwelekeo mpya, kwani vifo vya makumi ya maelfu ya bata mzinga nchini Uingereza mwaka 1960 vilifuatiliwa hadi kwenye karanga zilizoota ukungu, na sumu yake ikapewa jina la aflatoksini, mojawapo ya sumu za kuvu ambazo Watanzania leo huziita sumukuvu. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 1971 ulipima sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa na kuikuta sumu hiyo katika karibu asilimia 30 ya sampuli hizo. Miaka miwili baadaye utafiti wa wilaya ya Murang'a nchini Kenya ulilinganisha maeneo ya miinuko tofauti na kuonyesha kuwa watu wa maeneo ya chini walikula sumu nyingi zaidi na walipata kansa ya ini zaidi kuliko wale wa juu.

Matokeo hayo ya Murang'a yana uzito kwa nchi kama Uluguru, ambako safari ya saa chache kwa miguu humtoa mtu kwenye joto la tambarare na kumfikisha kwenye ubaridi wa mlimani, na ambako mahindi yanayovunwa katika unyevu hukauka kwa shida. Mwinuko, mvua na namna ya kuhifadhi chakula viliingia katika hesabu ya ugonjwa wa ini sawasawa na damu ya mgonjwa. Baadaye sayansi ilipata kiashiria kinachounganisha ghala na damu, kwa kuwa aflatoksini iliyosagwa na ini hujishikiza kwenye albumini, protini kuu ya damu, na kwa vile albumini hudumu kwa wiki kadhaa, kiasi cha mshikamano huo hueleza chakula cha miezi miwili au mitatu iliyopita. Kipimo hicho kilipotumiwa kwa watoto wadogo wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro, zaidi ya wanane kati ya kumi walikutwa na alama ya sumu. Mwaka 2016, ugonjwa wa ghafla wa ini ulipozuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara na kuua watu wapatao 20, damu ya wagonjwa na mahindi ya majumbani vilipimwa pamoja, na vyote viwili vikatoa jibu moja: aflatoksini.

Njia ya pili ya kulifikia ini lililoumia ilikuwa virusi. Baruch Blumberg na wenzake walitangaza mwaka 1965 kwamba wameona katika damu ya Mwaustralia wa asili protini ngeni, ambayo baadaye ilithibitika kuwa ganda la virusi vya homa ya ini B, na kiashiria hicho kikawa msingi wa kupima damu ya wachangiaji na wa kutengeneza chanjo. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hiyo mwaka 2002, na mpango wa taifa wa damu salama ulioanza miaka michache baadaye uliufanya upimaji wake kuwa sharti kabla damu haijatolewa kwa mgonjwa. Kwa aliyekwisha kuambukizwa, swali lilikuwa ni lini ini limefika hatua ya kuhitaji dawa, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza, kwa nchi zenye vifaa vichache, hesabu rahisi inayolinganisha kimeng'enya kimoja cha ini na idadi ya chembe sahani, yaani chembe za damu zinazosaidia kuganda. Alama inayozidi 2 ilichukuliwa kuwa dalili ya ini lililokomaa kovu. Utafiti uliokusanya takwimu za wagonjwa wa nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa mpaka huo uliwaacha nje wagonjwa wengi waliostahili tiba, na mwaka uliofuata shirika hilo liliushusha hadi 1. Kuna tahadhari nyingine pia: bandama iliyovimba kwa malaria ya mara kwa mara au kwa kichocho hupunguza chembe sahani hata pale ambapo ini ni zima.

Upande wa utumbo historia ni fupi zaidi. Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyo ya kuambukiza ambayo Waafrika hawakuonekana kuyapata kwa wingi, na uvimbe sugu wa utumbo, yaani kolitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn, ulihesabiwa miongoni mwa magonjwa adimu. Sehemu ya uadimu huo ilitokana na ukosefu wa vyombo, kwani mtu aliyehara damu katika nchi yenye amiba, kichocho na kifua kikuu cha utumbo alitibiwa kwanza kwa hayo, na mara nyingi kwa haki. Kiashiria kinachotumiwa zaidi leo ni kalprotektini, protini ya chembe nyeupe za damu iliyoelezwa na wanasayansi wa Norway mwaka 1980 na kupimwa katika kinyesi tangu miaka ya 1990. Kipimo hicho husema kwamba utumbo umevimba, lakini hakisemi umevimbishwa na nini. Huko Haydom, mkoani Manyara, ambako kulikuwa na kituo kimojawapo kati ya vinane vya utafiti wa kimataifa ulioanza mwaka 2009 kuhusu lishe na maradhi ya kuhara ya watoto, viashiria vya uvimbe katika kinyesi vilikutwa kwa viwango vya juu hata kwa watoto wasiohara, kwa sababu ya kuishi muda wote katikati ya vijidudu. Kiwango ambacho Ulaya kingempeleka mgonjwa kwenye kipimo cha kamera, katika kijiji cha Tanzania huenda kikawa habari ya maji na choo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 lililoelekeza nguvu za nchi vijijini, zahanati ilifanywa kuwa mlango wa kwanza wa tiba, na maabara zikabaki kupangwa kwa ngazi, kubwa zikiwa mijini. Mpangilio huo unaeleza kwa nini historia ya viashiria haiishii katika ugunduzi wake, kwani kipimo kilichobuniwa Oslo au New York humfaa mgonjwa wa Kinole pale tu mipaka yake inapopimwa upya kwa watu wa nchi hii, na pale anayesoma majibu anapojua mgonjwa anahifadhi wapi mahindi, anaoga mto gani na ameugua malaria mara ngapi. Maswali hayo mhudumu wa zahanati anaweza kuyauliza kabla sampuli haijateremshwa mjini, nayo ni sehemu ya kipimo chenyewe.